Zizi la Mabeseni

Niliingia Goma kwa maji, nikiwa na mfuko mmoja wa nguo na jozi ya viatu ambayo soli yake ya kushoto ilibaki Uvira. Safari yenyewe ilianza mbali zaidi, Kalemie, kwenye lile ziwa jingine, nilikozaliwa na kusoma hadi nikamaliza sekondari. Mama yangu alizoea kuniambia kwamba mtoto aliyezaliwa bandarini hana kisogo, kila upande kwake ni mbele. Alisema kwa masikitiko, lakini mimi nilisikia sifa.

Kutoka Kalemie nilipanda mashua ya mizigo iliyojaa saruji na samaki wakavu. Ziwa lilichafuka, tukajibanza kwenye ghuba moja tukila samaki wa wenyewe mpaka nahodha akaanza kutuhesabia. Uvira nilikaa misimu kadhaa. Nilifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga katika bonde la Ruzizi, na hapo nikajifunza kwamba mashine husema kabla ya kuharibika, ila wengi huwa hawaisikilizi. Kisha nikapata lori la kwenda Bukavu. Ile barabara ya mlimani ni nyembamba kama mshipi. Utingo alikuwa akiruka chini kila kona na kigogo chake cha kuzuia gurudumu, na mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia karibu nami alikuwa akisali rozari, lakini akifika nusu anasahau na kuanza upya. Bukavu nilinyeshewa. Kutoka hapo ni boti moja tu hadi Goma.

Watu wakiniuliza nilikwenda kutafuta nini, nawajibu ukweli: kuona mlima. Tangu utotoni nilikuwa nimesikia kwamba kuna mji ambao watu hulala chini ya mlima unaowaka, na mlima ukitapika moto wanakimbia, ukinyamaza wanarudi na kujenga juu ya mawe yale yale. Nilitaka kuwaona watu hao. Nikapanga kukaa wiki moja. Nilikaa miaka.

Siku zangu za kwanza nilizimaliza mtaa wa Birere, nikibeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka. Goma ni mji mweusi: ardhi nyeusi, kuta za mawe meusi, vumbi jeusi linaloingia hadi kwenye masikio. Ndiyo maana siku niliyotumwa kupeleka gunia mtaa wa Ndosho na nikaona mtu mweupe kuanzia nywele hadi viatu akitoka mlangoni akipiga chafya, nilisimama. Ilikuwa ni nyumba ya mashine ya kusaga unga. Yule mtu mweupe alikuwa mwenye mashine, mzee kutoka milima ya Masisi, na alikuwa anatukana kwa sababu fundi wake wa mashine alikuwa amekimbilia kuendesha pikipiki.

“Unajua mashine?” aliniuliza, kabla hata sijamsalimia.

“Nimefanya ya mpunga, Papa. Kule Ruzizi.”

“Mupunga ni chakula cha bagonjwa. Hapa tunasaga mihogo.” Akaniangalia viatu. “Lakini ingia. Mutu mwenye viatu kama hivyo hawezi kukimbia mbali.”

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

*

Mashine ile ilikuwa kubwa, ya mazutu, yaani dizeli, na ilipoamka asubuhi mtaa mzima ulijua. Papa, kama sote tulivyomwita, aliipenda kwa namna ambayo mwanzoni sikuielewa. Alikuwa mfugaji. Vita vilipomfukuza kutoka milimani, aliteremka na ng'ombe wachache waliobaki, akawauza wote, akanunua mashine. Kwa hiyo ile haikuwa mashine. Ilikuwa kundi lake la ng'ombe lililogeuka chuma, na yeye aliendelea kuwa mchungaji.

Nitaeleza desturi ya mabeseni, maana kila kitu kinatoka hapo. Mama anayekuja kusagisha hasimami kwenye foleni. Analiweka beseni lake la mihogo mikavu, au mahindi, au mtama, nyuma ya beseni lililotangulia, kisha anakwenda sokoni, au kanisani, au kufua. Beseni ndilo linalosimama kwa niaba yake. Asubuhi, kutoka mlangoni mwetu hadi barabarani, kulikuwa na mstari wa mabeseni ya kila rangi, yakipinda pamoja na ukuta wa mawe. Papa alikaa mbele ya mstari huo kwenye kiti chake, fimbo mkononi, kofia kichwani, akiyatazama. Aliyajua yote. Beseni la kijani lililobonyea upande, jekundu lenye kishikio cha waya, la maua lililofunikwa kwa kitenge. Mtu akipita na kumsalimia, “Papa, mambo iko namna gani?” alinyoosha tu fimbo kuelekea mstari, kama kwamba jibu lilikuwa pale.

Kwao, mali ya mtu huonekana jioni kwenye lango la zizi, ng'ombe wanaposongamana kuingia. Zizi lisilo na msongamano ni zizi la maskini. Na Papa aliyachukulia mabeseni hivyo hivyo. Siku moja, wiki zangu za mwanzo, nilijituma, nikasaga bila kupumzika, na saa tano mstari ukawa umebaki mabeseni matatu. Papa aliingia akiwa amekasirika.

“Zima mashine.”

“Imeharibika, Papa?”

“Zima tu, ipumzike. Unataka batu bapite hapa baone mulango uko mutupu? Baseme yule muzee amekwisha?”

Nikazima. Tukakaa. Akina mama walikuja, wakatazama, wakaguna, wakaondoka. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama na ambaye ndiye aliyeshika mlango na kupokea malipo, alitikisa kichwa. Mabeseni yalipofika tena hadi kwenye ukuta wa mawe, Papa aliniambia niwashe. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mstari mrefu ulikuwa fahari yetu, na tuliulinda usiishe. Tulipumzisha mashine ambayo haijachoka. Tulisaga mtama, kisha mihogo, kisha tena mtama, kwa jinsi mabeseni yalivyokuja, na unga mweupe wa mihogo wa mama wa watu ukatoka na wekundu wa mtama wa jirani yake. Wa kwanza wa asubuhi alipoteza bakuli zima la unga uliobaki ndani ya mashine, nasi tulimwambia kwamba mashine nayo inakula.

Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Angekwenda wapi? Ilikuwepo mashine nyingine moja upande wa chini wa barabara, na huko mambo yalikuwa mabaya zaidi.

*

Kisha umeme ukafika mtaani kwetu, na nyuma ya umeme akaja mama kutoka Butembo.

Alikodi chumba cha mbao upande wa pili wa barabara, uso kwa uso na sisi. Tuliona waya unavutwa, sanduku la mashine ndogo linateremshwa, ndogo kiasi kwamba wanaume wawili waliibeba wakicheka. Kabla ya kufungua, alivuka barabara na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao, akapiga magoti kidogo mbele ya Papa kwa heshima.

“Papa, nimekuja kukupigia hodi. Niko naanza kazi hapa ng'ambo. Nisiwe jirani asiye na salamu.”

“Karibu mama,” Papa akasema, akipokea kidumu. “Hapa nafasi haikosi.”

Alipoondoka, Papa alimimina kikombe na kuangua kicheko. “Umeona ile mashine? Bila moshi, bila kelele. Itasaga nini? Mate?”

Tulicheka wote. Tuliita ile mashine Cherehani. Na siku za mwanzo ilionekana tuna haki, kwa sababu mlangoni kwake hapakuwa na mabeseni. Akina mama walipita, wakachungulia, wakavuka kuja kwetu. “Hakuna batu kule,” walisema. “Kama hakuna mustari, unga wake si muzuri.” Papa alikaa kwenye kiti chake kama chifu.

Ila kuna siku mama mmoja alikuwa na msiba, na wageni wamejaa nyumbani. Hakuweza kungoja. Alivuka na beseni lake, na kabla Papa hajamaliza kujaza kiko chake, alitoka na unga kichwani. Unga mweupe. Akina mama waliokuwa wamekaa ukutani kwetu walitazamana, kisha mmoja akasimama, akachukua beseni lake kutoka kwenye mstari, bila kutuangalia, akavuka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kule hapakuwa na mstari si kwa sababu watu hawakuja. Walikuwa wanakuja na kuondoka.

Asubuhi moja Papa alitembea kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, ambao sasa ulikuwa mfupi, akarudi tena, akiinama kama mtu aliyepoteza kitu.

“La kijani liko wapi?”

“Lipi, Papa?”

“La kijani! Lililobonyea. Lilizaliwa hapa hapa mulangoni!”

Mama alinyoosha kidole chake kuelekea ng'ambo. Papa alivuka barabara bila kofia. Niliona akisimama mbele ya beseni la kijani lililokuwa kwenye mizani ya mama wa Butembo, mikono nyuma. Alirudi, akakaa, akasema, “Ng'ombe wangu wa kijani amelala kwa jirani.”

*

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Mwenye ile mashine ya upande wa chini wa barabara alipita akituomba tushirikiane. Alikuwa anaeneza maneno kwamba umeme unaua nguvu za unga, kwamba bugali wa unga ule haushibishi, kwamba mtu akiula muda mrefu meno yanalegea. Alipunguza bei, kisha akapunguza tena, na mashine yake ikaendelea kukoroma kama zamani na kuwatolea watu unga wenye changarawe. Wateja walisikia maneno yake, wakayarudia kwa kucheka, wakaenda kwa mama wa Butembo. Kabla msimu wa mvua haujaisha alifunga. Chumba chake kikawa duka la rangi.

Papa hakutaka kusema uongo. Lakini alikuwa amekata tamaa. Mchana mmoja walikuja watu wawili kutoka Birere, wanunuzi wa vyuma chakavu. Waliingia ndani bila kuvua kofia, mmoja akagonga tumbo la mashine kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akasema, “Chuma muzuri. Cha zamani.” Wakapatana kwamba watarudi baada ya Pasaka.

Jioni ile Papa alikaa na sahani ya bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, mbele yake bila kugusa.

“Niliuza ng'ombe nikanunua chuma,” alisema. “Chuma nikiuza, nitanunua nini?”

Nilikuwa mtu wa kuja na kwenda. Ningeweza kufunga mfuko wangu kesho yake, miguu yangu ilikuwa tayari. Lakini nilimwangalia mzee yule mweupe wa unga, aliyeuza kundi lake mara moja na sasa anakaribia kuliuza mara ya pili, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kubaki mahali.

“Papa,” nikasema, “nipe mpaka hiyo Pasaka. Na unitume ng'ambo.”

“Kufanya nini?”

“Kusagisha.”

Mama alicheka hadi akashika tumbo. Asubuhi nilivuka na beseni la mihogo yetu wenyewe kichwani, mimi fundi wa mashine, na mtaa mzima ukinitazama. Mama wa Butembo alikuwa mlangoni.

“Papa amekutuma uangalie?”

Nikashusha beseni.

“Bon, ingia uangalie. Ila usisimame mbele ya mulango, batu bako napita.”

Niliangalia. Nilikuwa nimedhani siri ni ule umeme. Mashine yake ilikuwa nzuri, lakini kwa nguvu haikuifikia yetu hata nusu. Tofauti ni kwamba haikupumzika hata mara moja. Beseni moja likisagwa, la pili lilikuwa limekwisha kupimwa na la tatu lilikuwa mikononi. Watu waliingia mlango mmoja na kutoka mwingine, hakuna aliyegongana na mwenzake. Kila baada ya beseni aligonga sanduku la mashine kwa ubao, unga wote ukateremka, akampa mwenyewe hadi chembe ya mwisho. Niliporudi nyumbani na unga wangu, nilikuwa na aibu na hamu kwa pamoja.

*

Tulianza na vyuma. Nilifungua mashine, nikakuta nyundo zake, vile vyuma vinavyoponda nafaka, zimelika upande mmoja hadi zimekuwa mviringo kama vidole. Nilizigeuza upande ambao haujatumika tangu zinunuliwe. Chujio lilikuwa na tundu lililoshonwa kwa waya, tukaweka jipya. Mkanda ulikuwa umelegea, ndiyo maana ulipiga zile kelele ambazo Papa aliziita nguvu.

“Kumbe alikuwa analia?” Papa aliuliza, akiigusa mashine.

“Alikuwa analia, Papa.”

Kutoboa mlango wa pili kulitutoa jasho, maana ukuta wa mawe ya mlima hauna urafiki na mtu. Lakini wazo kubwa kuliko yote halikuwa langu, wala la Papa. Lilikuwa la Mama. Miaka yote aliyokaa mlangoni alikuwa anaona kitu ambacho sisi tuliokuwa ndani hatukukiona.

“Ninyi munasaga kama beseni lilivyokuja,” alisema. “Mimi nikipika, ninaosha sahani ya mafuta kabla ya ile ya maji? Asubuhi mashine ni safi. Asubuhi iwe mihogo tu. Mihogo ikiisha, mahindi. Mutama mwisho. Unga wa mutu hautatoka mwekundu tena, bwana yake hatamuuliza kama amepika na damu.”

“Na mwenye mutama akija asubuhi?” Papa akauliza.

“Atajua saa yake. Mbona kanisani kuna misa ya kwanza na ya pili, na hakuna anayekufa?”

Tulifanya hivyo. Zamani, kila nafaka ilipobadilika, nilipaswa kusimamisha na kusafisha, na mara nyingi sikusafisha. Sasa niliwasha asubuhi na sikuzima mpaka mihogo yote iishe. Mashine ile ile, mazutu yale yale, mtu yule yule. Siku ya kwanza tulimaliza mabeseni yote kabla jua halijasimama utosini.

Papa alitoka nje, akakuta mlango mtupu. Hapakuwa na hata beseni moja. Kulikuwa na kuku tu. Alirudi ndani.

“Mumenimalizia zizi.”

“Papa, yatarudi.”

“Yatarudi kufanya nini, kama hayaoni wenzao?”

Usidhani ilikuwa rahisi kwake. Siku kadhaa nilimkuta ameyaweka mabeseni yetu wenyewe mlangoni, mawili matatu, matupu, ili watu wanaopita waone kitu. Mama aliyachukua kila mara na kuyarudisha jikoni. Lakini maneno yalitembea. Wa kwanza kurudi walikuwa wapishi wa mikahawa, wenye magunia, watu ambao muda kwao ni chakula. Kisha wakaja watu wapya, wale walioteremka kutoka milimani na magodoro kichwani wakati mambo yalipoharibika huko. Ndosho ilijaa, na kila nyumba ilitaka unga. Tulikuwa tunasaga mara nyingi zaidi ya zamani, na mlangoni palikuwa patupu karibu muda wote. Papa alilitazama jambo hilo kama mtu anayetazama maji yakipanda mlima.

*

Jumatatu moja karibu na Pasaka, mvua kubwa iliangusha nguzo za umeme. Mtaa ulinyamaza. Cherehani ikanyamaza.

Asubuhi ile nilipofungua mlango nilifikiri naota. Mabeseni yalitoka kwetu, yakafuata ukuta, yakapinda barabarani, yakapita chumba kile kinachouza rangi. Ya kwetu na ya ng'ambo, yote. Papa alitoka, akavaa kofia yake vizuri. Zizi halikuwa limewahi kujaa hivyo tangu aje mjini. Na katikati ya mstari lilikuwepo la kijani, lililobonyea.

Watu wengine walianza utani. “Muzee, leo ni siku yako! Bafanye bangoje mpaka kesho!” Mwingine akapiga kelele, “Cherehani imekatika uzi!”

Mama wa Butembo alikuja mwenyewe, beseni kichwani na lingine kiunoni. Yalikuwa ya wateja wake, aliyoyapokea jana yake kabla ya mvua. Alipiga magoti kidogo kama ile siku ya kidumu.

“Papa, hizi si zangu. Ni za batu. Nilibaahidi.”

Nilimwangalia Papa. Najua alichokuwa anakitazama. Alikuwa na kila alichowahi kukitaka, mbele ya macho ya mtaa mzima, na angeweza kukiacha pale mchana kutwa akikitazama. Hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye fimbo, akaiegemeza fimbo ukutani.

“Mihogo mbele!” akapaza sauti. “Mahindi upande huu! Mutama ungoje! Wewe mutu wa Kalemie, unasimama kama nguzo, washa!”

Alibeba mabeseni yeye mwenyewe. Mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akiinua kitu zaidi ya kiko, alibeba, akamwaga, akagonga sanduku la mashine kwa ubao, akarudi. Mama alipanga mstari kwa sauti ya sokoni. Mama wa Butembo alileta mizani yake kutoka ng'ambo, akapima bila kuulizwa na mtu. Sikuzima mashine. Sikusikia kilio chochote ndani yake, ila mngurumo mmoja mzito, na kama kuna sauti niliyoibeba moyoni kutoka mji ule, ni ile. Wakati wa watoto kutoka shule za mchana, nilimwaga beseni la mwisho la mtama. Nikatoka kupumua. Barabara ilikuwa tupu, na unga uliomwagika umechora juu ya ardhi nyeusi njia nyeupe kuelekea kila upande wa mtaa.

Mama wa Butembo alikaa kwenye kizingiti, kitenge chake kimekuwa cheupe.

“Papa,” akasema, “tangu lini unasaga hivi?”

Papa alijipangusa uso, akaongeza tu unga.

“Tangu ulipokuja, mama.”

Yule mama alicheka, Papa naye akacheka, na mimi nikaingia ndani kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha. Nilijiambia ni unga.

Watu wa vyuma walirudi baada ya Pasaka. Papa aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza kama wana nyundo za mashine za kuuza, kwa sababu za kwetu zitahitaji kubadilishwa.

*

Nimepita miji mingi tangu hapo, na nimeona jambo lile likirudi kwa sura nyingine: mgeni anafungua mlango mbele ya mwenyeji, na mwenyeji mmoja anaamka, mwingine anatukana mpaka anafunga. Nikisikia watu wanamlaani mgeni wa namna hiyo, nakumbuka kidumu cha kasiksi. Mama wa Butembo aliwachukua wateja wetu, kweli. Lakini bila yeye tungeendelea kuipumzisha mashine isiyochoka mpaka leo, na tungeita hiyo utajiri. Naye hakubaki vile vile. Sisi tulipoanza kumfikia, alianza kusaga unga wa uji wa watoto, uliochanganywa tayari. Papa akaongeza mota ya umeme, akaacha ile ya mazutu kwa siku za giza. Kila mmoja alimwangalia mwenzake kutoka mlangoni, na kila mmoja aliinuka mapema zaidi kwa sababu hiyo.

Na mimi? Nilibaki kwa sababu mashine ilikuwa inakufa. Ilipopona, nilianza tena kusikia honi za boti kutoka bandarini, ambazo kwa muda mrefu sikuwa nazisikia ingawa zililia kila siku. Papa alikuwa amejifunza kugeuza nyundo mwenyewe. Alikuwa ananifukuza penye mashine, ananiambia naishika vibaya.

Siku niliyoondoka, Mama alinifungia unga wa mihogo wa asubuhi, wa kwanza kabisa. Nilifungua kidogo nikatazama. Ulikuwa mweupe kabisa. Papa alinisindikiza hadi nje. Viatu vyangu vilikuwa vipya, na aliviangalia kwa muda.

“Hivyo vinaweza kukimbia mbali,” akasema.

“Ni vya kutembea tu, Papa.”

Mwendesha pikipiki alikuwa anangoja, amekwisha kufunga mfuko wangu nyuma. Mama mmoja alifika akiwa na beseni, akaingia mlango mmoja. Tulikuwa bado tunashikana mikono alipotokea mlango wa pili, unga kichwani, akatuaga na kukata kona. Nje hapakubaki kitu, ni kiti cha Papa tu, kitupu, na ukuta wa mawe.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita, mgeni bila shaka, akapunguza mwendo. “Muzee, leo hakuna kazi?”

Papa aliinua fimbo yake, taratibu, kama alivyofanya miaka yote ile, akaielekeza mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na beseni hata moja.

“Angalia vizuri,” akasema.

Pikipiki ikawaka. Sijarudi tena.